Mlo wa Mimea kwenye Mgahawa wa Kiitalia: Yampasayo Mgonjwa Kuyajua Kabla ya Kuagiza

Mwaliko wa kula pamoja ni jambo la heshima katika jamii nyingi. Marafiki wanapokubaliana kukutana jioni mgahawani, mtu anayeishi na kisukari, shinikizo la juu la damu au ugonjwa wa figo hujikuta njia panda. Akienda, anahofia chakula. Asipokwenda, anaonekana amejitenga na wenzake. Mgahawa ukiwa ni ule unaopika vyakula vya Kiitalia kwa mimea pekee, bila nyama, samaki, mayai wala maziwa, hofu hiyo huondoka haraka, pengine haraka kuliko inavyostahili. Wengi huamini kwamba chakula kisicho na nyama hakiwezi kumdhuru mgonjwa, na kwamba kwa jioni hiyo masharti aliyopewa kliniki yanaweza kuwekwa kando.

Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haijakamilika. Neno «mimea» humweleza mlaji kile ambacho hakimo sahanini. Halimwelezi kiasi cha chumvi kilichomo, ukubwa wa sahani ya tambi, wala aina ya mafuta yaliyotumika kutengeneza kile kinachofanana na jibini. Makala haya yanaeleza asili ya chakula hiki, faida zake zinazojulikana, na tahadhari zinazowahusu wagonjwa wa aina mbalimbali, ili mwaliko usikataliwe bila sababu wala usipokelewe bila maarifa.

Asili ya chakula chenyewe

Ulimwenguni kote Italia hutambulika kwa pizza yenye jibini na tambi zenye nyama ya kusaga. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mapishi ya vijijini, hasa kusini mwa nchi hiyo, ilizaliwa na uhaba. Nyama ilikuwa chakula cha sikukuu. Siku za kawaida zilikuwa za nafaka, kunde, mboga za majani na mafuta ya zeituni. Waitalia huyaita mapishi hayo *cucina povera*, yaani upishi wa maskini.

Ndiyo maana mpishi anayetaka kuandaa chakula cha Kiitalia cha mimea pekee halazimiki kubuni mengi. *Pasta e fagioli* ni tambi na maharage. *Pasta e ceci* ni tambi na dengu. *Ribollita* ya Toscana ni supu nzito ya maharage, mboga za majani na mkate uliolala. *Caponata* ya Sicilia ni bilinganya zilizopikwa kwa nyanya na siki. Pizza *marinara* ya Napoli haina jibini kabisa: ina nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni. Hata tambi kavu za kawaida hutengenezwa kwa ngano ngumu na maji tu, bila mayai.

Kando ya vyakula hivyo vya asili, migahawa ya siku hizi huandaa vyakula vya kuiga: jibini lililotengenezwa kwa korosho au mafuta ya nazi, soseji za soya, na krimu za mimea. Vyakula hivi navyo ni vya mimea, lakini kwa mtazamo wa lishe havilingani na supu ya maharage. Mgonjwa anaposoma orodha ya vyakula, tofauti ya kwanza ya kuizingatia ni hiyo.

Utafiti unasema nini

Katika miaka ya mwanzo ya 1950, mtaalamu wa fiziolojia kutoka Marekani, Ancel Keys, alifika Napoli akaona kwamba ugonjwa wa moyo haukuwa wa kawaida miongoni mwa wafanyakazi wa mji huo. Kutokana na hayo ulianzishwa utafiti wa nchi saba, uliohusisha Italia, Ugiriki, Yugoslavia, Uholanzi, Finland, Japani na Marekani. Utafiti huo umekosolewa kwa namna nchi zilivyochaguliwa, lakini ulifungua mjadala kuhusu mlo wa Mediterania ambao unaendelea hadi leo.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulitoka Hispania. Utafiti uitwao PREDIMED ulihusisha watu 7,447 waliokuwa katika hatari kubwa ya magonjwa ya moyo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013. Mwaka 2018 watafiti wenyewe waliyaondoa kwa sababu ya kasoro katika namna baadhi ya washiriki walivyogawanywa kwenye makundi, wakayachambua upya na kuyachapisha tena. Hitimisho halikubadilika sana: waliokula mlo wa Mediterania ulioongezewa mafuta ya zeituni au lozi na jozi walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo kitokanacho na magonjwa hayo kwa kiwango kilichopungua kwa takriban asilimia 30, wakilinganishwa na walioshauriwa kupunguza mafuta.

Msomaji azingatie mambo mawili. Kwanza, washiriki hao hawakuwa walaji wa mimea pekee. Walikula samaki, na jibini kwa kiasi. Pili, faida iliyopatikana ilitokana na mtindo wa kula uliodumu kwa miaka, na haiwezi kuhamishiwa kwenye sahani moja ya jioni moja.

Mwenye kisukari mezani

Tambi huogopwa na wagonjwa wengi wa kisukari, lakini zinapandisha sukari ya damu taratibu kuliko mkate mweupe. Wanga wake umeshikwa ndani ya wavu wa protini ya ngano, kwa hiyo mmeng'enyo wake huchukua muda mrefu zaidi. Hali hiyo hudumu iwapo tambi zimepikwa *al dente*, yaani zikibaki na ugumu kidogo zinapotafunwa. Zikichemshwa hadi kulainika kabisa, faida hiyo hupungua.

Kinacholeta tatizo mara nyingi ni kiasi. Nchini Italia kipimo cha kawaida cha mtu mmoja ni gramu 80 za tambi kabla ya kupikwa, ambazo zina takriban gramu 55 hadi 60 za wanga. Pia, kwa desturi ya huko, sahani hiyo ni ya kwanza tu katika mlo, si mlo wote. Pizza nzima inaweza kuwa na wanga maradufu ya hapo. Mlaji akianza na mkate, akafuata tambi, kisha akamaliza kwa kitinda mlo chenye sukari, amekula wanga mara tatu hata kama hakuna chembe ya nyama iliyopita mdomoni mwake. Njia nafuu ni kuanza na mboga au kunde, kuchagua chakula kimoja cha wanga, na kugawana pizza na mwenzake.

Kwa anayetumia insulini au dawa kama glibenklamidi, kuna hatari inayokuja kabla ya chakula. Mazungumzo hunoga, wageni wengine huchelewa, na jiko huwa na kazi nyingi. Aliyechoma insulini ya muda mfupi nyumbani, akitegemea kula baada ya nusu saa, anaweza kushukiwa na sukari kabla sahani haijafika. Insulini hiyo isichomwe mpaka chakula kiwe karibu kuletwa. Pombe, kwa wanaoitumia, huongeza hatari hiyo kwa saa nyingi baada ya mlo, hata usiku wa manane.

Marafiki walio mezani wanapaswa kujua dalili: kutetemeka, jasho la ghafla, njaa kali, maneno yasiyoeleweka. Mtu wa namna hiyo asidhaniwe amelewa. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kisha apimwe au aangaliwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali mara moja.

Vitamini isiyopatikana kwenye mimea

Jioni moja ya kula mimea haimletei mtu upungufu wa lishe. Jambo la kuangalia zaidi ni uamuzi unaoweza kufuata. Mgonjwa hula, hufurahi, husikia kutoka kwa rafiki kwamba tangu aache vyakula vya wanyama amepungua uzito na sukari yake imetulia, naye huamua kufanya vivyo hivyo. Uamuzi huo unaweza kuwa mwema. Mlo wa mimea uliopangwa vizuri humsaidia mwenye kisukari aina ya pili kupunguza uzito na kuboresha sukari yake. Lakini una pengo moja lisilozibika kwa mboga wala kunde: vitamini B12.

Vitamini hii hutengenezwa na bakteria, na binadamu huipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa, au vyakula na vidonge vilivyoongezewa. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku. Ini huhifadhi akiba ya kutosha miaka kadhaa, na kwa sababu hiyo upungufu huja kimyakimya, wakati mlaji amekwisha kusahau lini alibadili mlo wake.

Hatari huongezeka kwa anayetumia metformini, dawa inayotumiwa na wagonjwa wengi wa kisukari aina ya pili. Dawa hiyo, hasa ikitumiwa kwa dozi kubwa na kwa miaka mingi, hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12. Mgonjwa aliyeacha vyakula vya wanyama huku akiendelea na metformini anapungukiwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Dalili zinazofuata ni ganzi na kuwaka moto miguuni, kuyumba wakati wa kutembea, usahaulifu na uchovu. Kliniki, ganzi ya miguu kwa mwenye kisukari huhesabiwa upesi kuwa ni madhara ya sukari kwenye mishipa ya fahamu. Ikiwa chanzo ni upungufu wa B12, kila mwezi unaopita bila tiba huongeza uwezekano wa madhara hayo kuwa ya kudumu.

Kuna jambo jingine linaloweza kumpoteza mhudumu wa afya. Mboga za majani na kunde zina foleti kwa wingi, na foleti nyingi inaweza kuficha upungufu wa damu unaosababishwa na ukosefu wa B12 huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Kwa hiyo kiwango kizuri cha hemoglobini hakitoshi kuondoa shaka. Tiba, kwa bahati njema, ni rahisi: sindano au vidonge vya B12. Metformini isiachwe bila ushauri wa daktari.

Katika migahawa ya mimea, tambi mara nyingi hunyunyiziwa chenga za manjano za hamira iliyokaushwa, zenye ladha inayokaribia jibini. Chenga hizo huwa na B12 iwapo tu kiwanda kimeiongeza. Mwani na vyakula vilivyochachushwa si vyanzo vya kutegemewa. Tahadhari hii ni kubwa zaidi kwa mama mjamzito au anayenyonyesha: mama asiyepata B12 huzaa na kunyonyesha mtoto asiye na akiba, na mtoto huyo anaweza kudumaa katika ukuaji wa ubongo ndani ya miezi michache.

Chumvi, mafuta na shinikizo la damu

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni karibu kijiko kimoja cha chai. Kanuni ya kale ya jikoni Italia ni kuchemsha gramu 100 za tambi katika lita moja ya maji yenye gramu 10 za chumvi. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo humwagwa pamoja na maji, lakini sehemu hubaki ndani ya tambi. Ongezea zeituni zilizolowekwa kwenye maji ya chumvi, mchuzi wa nyanya za kopo, unga wa pizza na jibini la kuiga, na kipimo cha siku kinaweza kumalizwa kwa mlo mmoja.

Mwenye shinikizo la juu la damu anaweza kuomba tambi zichemshwe kwa maji yasiyo na chumvi, zeituni zipunguzwe, na ladha iongezwe kwa limau, kitunguu saumu, pilipili na mrehani. Kuhusu mafuta, yale ya zeituni yanaufaa moyo yakitumika badala ya mafuta yanayoganda. Jibini la mimea lililotengenezwa kwa mafuta ya nazi lina mafuta yanayoganda kwa wingi, na halina protini ya kutosha. Lile la korosho, zao linalofahamika vyema Mtwara na Lindi, ni bora zaidi kwa moyo, ila mtu mwenye mzio wa korosho au lozi aulize mapema, kwa kuwa hujificha pia kwenye krimu na kwenye *pesto*.

Figo na dawa za kuzuia damu kuganda

Kwa mwenye ugonjwa sugu wa figo uliosonga mbele, nyanya ndicho kiungo cha kuangaliwa zaidi. Nyanya zina potasiamu, na mchuzi uliochemshwa hadi kuwa mzito huikusanya mahali pamoja. Maharage, mchicha na viazi navyo vina potasiamu kwa wingi. Figo dhaifu haziwezi kuitoa, na anayetumia dawa kama enalaprili, losartani au spironolaktoni huwa katika hatari zaidi. Potasiamu ikipanda sana huvuruga mapigo ya moyo, wakati mwingine bila dalili za awali. Mgonjwa huyu achague tambi zenye kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, zikisindikizwa na mboga zilizochemshwa na kumwagwa maji, na asitumie chumvi mbadala, ambayo mara nyingi ni potasiamu kloridi. Si kila mgonjwa wa figo anahitaji masharti haya. Kipimo cha damu ndicho kinachoamua.

Anayetumia warfarini hakatazwi mboga za majani. Vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa, na kinachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Anayebadili mlo wake wote na kuwa wa mimea aiarifu kliniki, ili kipimo cha INR kifanywe mapema.

Madini ya chuma na kikombe cha kahawa

Madini ya chuma yaliyomo kwenye mimea hufyonzwa kwa shida kuliko yale ya nyama. Vitamini C iliyomo kwenye nyanya mbichi, pilipili hoho na limau husaidia ufyonzwaji huo, hivyo maharage yaliyokamuliwa limau au kuliwa na kachumbari ni mchanganyiko mzuri kwa mwanamke mwenye upungufu wa damu. Kahawa inayofunga mlo wa Kiitalia, sawa na chai inayofunga mlo wa Kiswahili, huzuia ufyonzwaji huo. Mwenye upungufu wa damu asubiri walau saa moja kabla ya kuinywa.

Maharage ya fava na chembe nyekundu za damu

Katika jimbo la Puglia, *fave e cicoria* ni chakula cha fahari: maharage mapana ya fava yaliyopondwa na kuliwa na mboga chungu za majani. Kwa watu wengi ni chakula bora. Kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, maharage hayo yanaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Ndani ya siku moja au mbili mlaji hupata uchovu mkali, macho ya manjano na mkojo wenye rangi ya chai nzito. Hali hiyo ni ya dharura, hasa kwa watoto.

Upungufu huo hurithiwa, na umeenea sana kusini mwa Italia, Sardinia, na Afrika kusini mwa Sahara. Sababu ni moja: maeneo hayo yote yaliwahi kutawaliwa, au bado yanatawaliwa, na malaria, na upungufu huo humpa mwenye nao kinga kiasi dhidi yake. Aina iliyoenea Afrika kwa kawaida ni nyepesi kuliko ile ya Mediterania, lakini aliyewahi kupata manjano baada ya kutumia primakwini au dawa nyingine ayaepuke maharage ya fava. Katazo hili haliyahusu maharage ya kawaida, kunde, choroko wala mbaazi.

Kuagiza pamoja, kuuliza bila aibu

Migahawa ya Kiitalia si jambo geni Afrika Mashariki. Malindi na Watamu, ambako Waitalia wameishi kwa miongo kadhaa, tambi na pizza ni chakula cha mji, na kwingineko mijini vyakula vya mimea vinazidi kuonekana kwenye orodha. Wahudumu wamezoea maombi ya wageni. Mgonjwa akiuliza kilichomo kwenye mchuzi, au akiomba chumvi ipunguzwe, hamsumbui mtu. Marafiki nao wasimshurutishe kuonja wala kumhesabia matonge; msaada wao mkubwa ni kuagiza vyakula kadhaa vya kugawana, mboga na kunde zikiwemo, na kutoruhusu chakula kuchelewa.

Kwa mhudumu wa afya, ushauri wa aina ya «acha hiki, acha kile» humfanya mgonjwa afiche anachokula. Maswali manne mafupi yatamfaa zaidi: Je, umebadili mlo wako tangu ziara iliyopita? Je, umeacha nyama, mayai na maziwa kabisa, na tangu lini? Ni dawa zipi unazotumia sasa, zikiwemo za asili na vidonge vya lishe? Je, una ganzi, uchovu au kizunguzungu? Majibu yatamwonesha nani apimwe B12, nani apunguziwe dozi ya insulini au ya dawa za shinikizo kwa sababu uzito umepungua, na nani apimwe potasiamu kabla ya kurudi nyumbani.

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Sahani ya tambi na maharage inaweza kumfaa mgonjwa kuliko vyakula vingi vya mitaani, mradi ajue ugonjwa wake, dawa zake na kilichomo sahanini. Akishayajua hayo, hana sababu ya kubaki nyumbani wenzake wanapokwenda kula.